Kiwanja cha Kuota Jua

Boito, Konoin
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Bethwel ndugu yangu,

Salamu zitakuja chini. Kwanza hasara. Jumatano tarehe 8, mashina mia tatu na arobaini ya majani chai ya mama yaling'olewa na tingatinga, upande wa mbele wa boma, pale panapotazama barabara. Nimeyahesabu mwenyewe yakiwa yamelala mizizi juu. Mama aliyapanda akiwa na mimba yako, na mpaka wiki jana ndiyo yalikuwa yanatoa zaidi ya nusu ya majani anayopeleka kituoni kupimwa.

Sasa salamu. Hatujambo. Mama ana kikohozi cha baridi, magoti yake ni yale yale. Duka langu la chakula cha ng'ombe linaendelea. Natumaini wewe na mkeo Moira mko salama huko Aberdeen, na kwamba kazi ya kutunza wazee haikuchoshi sana.

Turudi. Siku hiyo mama alikuwa kliniki na mimi nilikuwa dukani. Jirani ndiye alinipigia simu kwamba kuna mashine kwetu. Nilipofika, Kipkosgei, huyu binamu yetu mwenye tingatinga, alikuwa ameketi juu ya mashina anakunywa chai yetu kwa kikombe chetu.

"Nani amekutuma?"

"Mwenye boma."

"Mwenye boma yuko kliniki."

"Basi mwenye boma wa kesho," akasema. "Dada, usinigombeze. Mimi nachimba pale nimeonyeshwa. Bethwel alinitumia picha, akachora mstari mwekundu."

Yaani ulikaa huko Ulaya ukapitisha kidole juu ya simu, na huku miaka arobaini ya mama ikalala chini kabla ya chakula cha mchana.

Mama alirudi saa tisa. Nilingoja alie. Alisimama kando ya ule udongo, akautazama kwa muda, akatabasamu. Nilipomuuliza akasema, "Nyamaza wewe. Mwenyewe atakueleza." Ninaogopa ni mshtuko.

Nimekuja saiba, kwa kompyuta za kulipia, kukuandikia barua pepe kwa sababu ujumbe wangu wa sauti huwa unausikiliza ukiwa kwa basi, halafu unasema mtandao ulikuwa mbaya. Andika nisome: hii ni nini?

Dada yako,
Chepkurui


Aberdeen
15 Oktoba 2025

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwa lugha ya kwetu: chamgei. Nimefurahi kupata barua yako hata kama umekuja umenuna. Mama mpe pole ya kikohozi, anywe maji moto na tangawizi. Sisi tu wazima, ila baridi imeanza. Huku Desemba jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Naenda kazini na giza, narudi na giza. Ikifika Januari watu wanaugua huzuni, kwa hivyo kila mwenye uwezo anapanga safari ya nchi za joto, analala juani wiki mbili, anarudi na rangi.

Moira na marafiki wetu wanne walikuwa wanatafuta hoteli visiwani. Nikawaambia, mbona muende kwa watu na mimi nina boma karibu na ikweta? Wakakubali. Tunakuja tarehe 9 Januari.

Ndiyo maana ya kile kiwanja. Kipkosgei atapanda nyasi, tuweke vitanda sita vya kulalia na miavuli. Mwezi ujao atachimba bwawa dogo la kuogelea upande wa chini, yatang'oka mashina kama mia moja hivi. Yaliyobaki yaache, wageni wanapenda kijani. Na usifikiri nilifanya kwa kichwa changu. Nilimpigia mama Septemba, akakubali palepale. Hata mahali alichagua yeye.

Mambo madogo ya kutengeneza: jogoo auzwe, anawika mapema sana. Chumba cha mama ndicho kinapata jua la asubuhi, kwa hivyo ahamie kwako hizo wiki mbili. Siku moja jioni avae shanga awape wageni mursik, lakini hayo maziwa ya mgando yasitiwe mkaa, Moira aliona picha akataka kutapika.

Kitu kingine, usije ukakasirika. Kwenye ukurasa niliowatengenezea wageni nimekuandika kama mhudumu wa nyumba. Watu wa huku hawaelewi dada mtu mzima kukaa na mamake, ingebidi nieleze historia yote.

Januari huko si ni kiangazi?

Ndugu yako,
Bethwel


Boito
27 Oktoba 2025

Bethwel,

Habari za giza? Sisi jua tunalo. Tunafanya kazi chini yake, hakuna anayelala. Mama kikohozi kimepungua.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako niliisoma nikiwa na chakula mbele yangu na chakula hicho kikaenda kwa mbwa. Nilisema ningoje hasira ishuke. Haijashuka, kwa hivyo chukua ilivyo.

Jogoo atawika. Mursik bila mkaa ni maziwa yaliyoharibika, na shanga mama hakuvaa hata siku ya harusi yako. Januari tunachuna asubuhi na masweta mawili, halafu mchana jua linapasua midomo. Hao wageni wataganda wakiamka na kuungua wakila. Na nieleze vizuri nielewe: watu wazima sita, nusu uchi, wamejipaka mafuta, wamelala kando ya barabara ya watu wa kanisa, wanajigeuza huku na huku kama mahindi kwenye turubai. Mahindi angalau yakikauka yanasagwa.

La mhudumu nimelimeza. Nilichuna majani kwa kibarua nikiwa na miaka kumi na saba, nikanunua gunia moja la pumba, gunia likazaa duka, na duka likalipa mwaka wako wa mwisho wa chuo. Mhudumu. Sawa.

Lakini kuna lingine limenishinda kumeza. Ijumaa nilimfuata mama kituo cha majani nimsaidie kubeba. Akina mama walikuwa kwa laini wakingoja mizani. Mmoja akamuuliza, "Mama Bethwel, siku hizi kapu lako ni jepesi, una shida?"

"Hakuna shida. Bethwel ameniomba kiwanja."

"Kiwanja? Kwa hivyo anarudi?"

"Anarudi. Nimempa pale mbele."

"Na mkwe wako Mzungu ataweza kuchuna majani?"

"Atafundishwa. Hata wewe ulifundishwa, na mpaka leo unachuna na vijiti."

Walicheka mpaka karani akawanyamazisha. Mama alicheka kuliko wote. Bethwel, tangu tumzike baba sijamwona mama akicheka hivyo.

Njiani nikamuuliza ulisema nini hasa kwa simu. Anakumbuka kila neno: "Mama, nipe kiwanja hapo nyumbani, nataka mahali pangu pa kukaa." Akakuchagulia pazuri kuliko pote, akatoa majani yake mwenyewe, akanificha mimi kwa sababu alitaka habari nzuri niisikie kwako. Kile nilichoita mshtuko kilikuwa furaha.

Wewe ni mtoto wa hapa. Mtoto wa kiume akimwomba mamake kiwanja anaomba nini? Anaomba kujenga. Anasema nimechoka na ugeni, nakuja. Wewe ndiye mtoto wa mwisho, boma la mama ni lako kwa desturi na sijawahi kubishana na hilo. Miaka kumi na mmoja mama anaulizwa kanisani kijana wake anajenga lini, na anajibu kwamba Mungu ana wakati wake. Sasa anadhani wakati umefika. Kumbe umefika wa vitanda na miavuli.

Nataka kujua kitu kimoja. Ulijua amekuelewa hivyo, au hukujua?

Dada yako,
Chepkurui


Aberdeen
4 Novemba 2025

Dada,

Natumaini mko wazima. Niko zamu, naandika kifupi.

Lugha yetu ya Kipsigis imenikauka, unajua. Neno la mahali pa kuota jua sikulipata, nikachomeka la Kiswahili, kiwanja. Mama akaanza kushukuru Mungu kwa sauti, mpaka akalia. Ndiyo, nilielewa. Nilishindwa kumkatiza. Wewe ungeweza?

Tafadhali usimwambie. Tikiti zimelipwa na hazirudishwi. Muache afurahi hadi Januari, tukifika nitasema ujenzi umesogezwa mbele kidogo. Wazee husahau, hapa kazini naona kila siku.

Kipkosgei anakuja Jumatatu tarehe 10 kuchimba bwawa. Mpe chai.

Ndugu yako,
Bethwel


Boito
Jumanne, 11 Novemba 2025

Bethwel,

Mama hajambo. Kikohozi kimekwisha. Hajasahau kitu.

Wiki iliyopita bonasi ya majani iliingia. Miaka yote mama hunipa simu nimtolee pesa. Safari hii alienda mwenyewe, na Alhamisi lori likaja likamwaga mawe ya msingi katikati ya kile kiwanja chako. Bonasi yake yote iko pale mbele, imepigwa na mvua. Nilimwambia, "Mama, si ungengoja Bethwel aje?" Akasema, "Mtoto hawezi kuja kujenga akute mamake amekaa tu."

Jana Kipkosgei alikuja na mashine. Mama alikuwa anamngoja tangu asubuhi, amevaa leso ya kanisa. Akamshika mkono, akamzungusha. "Mlango utazame barabara, mtu akipita aone taa. Hapa ni chumba cha watoto." Watoto gani, hakumwambia, na ninyi hamna hata mmoja. Halafu akamwekea mkono kichwani, akamwombea yeye na tingatinga lake.

Kipkosgei alinivuta nyuma ya jikoni. "Dada, mimi nimetumwa shimo la kuogelea. Huyu mama ananionyesha msingi. Nichimbe gani?"

"Muulize aliyekutuma."

"Simu yake haishiki tangu juzi."

"Basi kunywa chai."

"Chai ya huyu mama siwezi kunywa leo," akasema. Akapandisha mashine yake kwa lori, akaenda.

Sijamwambia mama. Usifikiri ni kwa sababu umeniomba. Barua yako ya mwisho niliisoma nikasimama nikatoka nje ya saiba. Hukukosea neno, Bethwel. Neno lilikosea lenyewe, wewe ukaona limekufaa, ukaliacha. Halafu unanipa hesabu kwamba wazee husahau. Unalipwa kuwafunika blanketi wazee wa wengine, na wako unangoja apotewe na akili ili usione haya.

Sijamwambia kwa sababu si maneno yangu. Wewe ndiye uliyeomba, na wewe ndiye uliyepewa.

Sasa sikiliza kazi ilivyo. Jumapili tarehe 16 baada ya ibada, mchungaji na akina mama wote wa kanisa wanakuja kuombea kiwanja. Mama ameshawaalika. Kwa upande wangu, nimeongea na mwenye kitalu, ameniwekea miche mia tatu na arobaini mpaka Jumamosi. Mvua inaishia Desemba. Mche ukichelewa kushika, jua lenu la Januari linaumaliza. Ukishika, unachunwa baada ya miaka mitatu, na mama ana sabini na sita. Hakuna wiki ya kupoteza na sina nafasi ya "nitaangalia."

Ukijenga kweli, miche hiyo nitaiuza na nitasimamia msingi bila kukuomba hata asante. Usipojenga, Jumamosi mchana nahamisha mawe na kupanda, na wageni wako watafute visiwa.

Usinijibu mimi. Mpigie mama, uongee naye mwenyewe, kabla ya Jumamosi tarehe 15 saa sita mchana. Kwako itakuwa saa tatu asubuhi, hata huko kutakuwa kumekucha. Nitamwachia simu yake ikiwa na chaji na mimi nitakuwa nje. Saa sita ikipita kimya, nitaingia nimwambie yote, pamoja na lile la wazee husahau.

Mwambie neno moja. Unajenga, au hujengi?

Dada yako,
Chepkurui