Kiwanja cha Farasi Nyuma ya Nyumba Yetu

Baba yangu,

Jana nilizunguka ile barabara ya nyuma, iliyojipinda kama yai, kwa mwendo wako wa polepole. Tangu tukuzike hapa Markham, ugenini, ni miaka sita, na ndiyo kwanza nakuandikia. Nilikuwa naogopa. Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu wengi hapa tumewaleta wazazi wetu, na sijui wangapi tunawasikiliza.

Wiki ile ya kwanza baada ya kukuleta kwangu, ulirudi kutoka matembezini umechangamka, ukaniambia kwamba mtaa huu ulikuwa kiwanja cha mbio za farasi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ulinieleza taratibu kwamba kona zile zimeinuliwa upande wa nje ili farasi asiteleze, na kwamba anayejenga kwa ajili ya magari hahangaiki hivyo. Ulikuwa saisi maisha yako yote, ukilisha na kusugua farasi wa wazungu, na kiwanja chenu kule nyumbani ulikiona kikilimwa viazi mpaka watu wakasahau. Ulijua kiwanja kilichozikwa kinavyokaa. Mimi nilijua barabara ya kwenda kazini tu.

Halafu ukachimba tuta la sukuma wiki, ukatoa kiatu cha farasi. Ulikipima mkononi, ukasema, "Cha farasi wa kulima ni kizito. Hiki ni cha mbio." Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inawaka moto. Niliona kutu, nikawaza pepopunda, nikakitupa kwenye taka ulipoingia kuoga. Siku nzima ulikitafuta gereji, umeinama na tochi. Uliponiuliza, nilisema sijakiona. Sijui kwa nini nilidanganya. Nilichoka, Baba, na uongo ulikuwa mfupi kuliko maelezo.

Ukaendelea kukitafuta. Ukaendelea pia na mizunguko yako ya asubuhi, theluji au jua, ukisimama kila mara mbele ya nyumba ileile yenye gereji ya kijani na kuvua kofia. Majirani wakaita polisi. Tulipofika kwa daktari, mimi, nesi mzima, nilimweleza kwamba unatangatanga, unaona kiwanja kisichokuwepo, na unatafuta kiatu cha farasi ambacho hakuna mtu amekiona. Aliandika yote. Ulikuwa umekaa pembeni yangu na kofia magotini, Kiingereza kinakupita, ukiitikia kwa kichwa kwa adabu kila nilipomaliza sentensi.

Kwenye makao ya wazee nilikokupeleka, uliniomba jambo moja tu. "Nirudishe nikazunguke mara moja, kisha nitatulia." Nikakujibu kwamba pale hakuna kiwanja, ni nyumba za watu. Hukuniomba tena. Hiyo ndiyo inayoniamsha, kwamba hukuniomba tena.

Mwezi uliopita, bibi mmoja mzungu, jirani yetu, alikuwa anahama, akaniita nimsaidie maboksi. Ndani ya moja kulikuwa na picha ya baba yake amepanda farasi. Nilimuuliza ni wapi, akanyoosha kidole dirishani. Alisema wakati mtaa huu ukiwa bado kijiji, wakulima walishindanisha farasi wao hapa kila baada ya mavuno, wanawake wakileta keki, kasisi akipiga kengele ya kuanza. Kisha vijana wakaenda mjini, sehemu ya katikati ikalimwa mahindi, na wajenzi walipokuja walifuata njia ileile ya farasi kwa sababu ilikuwa imeshashindiliwa. Nilikaa chini kwenye boksi la vyombo vyake, nikalia. Maskini, alidhani nalilia kuhama kwake.

Alinipa picha ile. Ndiyo niliyoibeba jana. Nilianza kwenye sanduku la barua kama wewe, nikapita kona ya kwanza, na kweli, mguu wa nje ulikuwa juu kidogo. Nilipofika kwenye gereji ya kijani nilisimama, nikatazama picha. Mti wa msonobari ni uleule, na kwenye picha, mbele yake umesimama mlingoti mweupe wa kumalizia mbio. Sikuwa na kofia, Baba, kwa hiyo nilivua mtandio, nikasimama pale kwenye baridi mpaka mwenye nyumba akafungua pazia.

Kituta changu kidogo cha sukuma wiki bado kipo. Nimekichimba chote, na hakuna kiatu kingine.

Pumzika, Baba. Ni mimi, binti yako, niliyekiona kile kiatu.