Sura ya Ndiva Inabaki

Suji,
Wilaya ya Same.
22 Septemba 2024

Mpendwa Dada Agatha,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mlio pamoja huko Sumbawanga. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza kupanda ngazi za kanisani bila mkongojo, nami nikasema huyo sasa atataka kurudi kwaya, Mungu awasaidie wanaosimama karibu naye.

Sisi huku hatujambo. Mama bado anapika makande ya kulisha kijiji kizima, na waliobaki kwake ni yeye na paka. Tangawizi ya mke wangu Beatha imekubali, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye ninayeomba nauli ya kushuka Same. Cherehani yangu inaendelea na sare za shule, ingawa kila kitabu kinaponijia kichwani natoa suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Ndiyo, kitabu kile kile. Ulisema nisikusumbue nacho tena mpaka niwe na uamuzi. Basi kaa vizuri.

Mchapishaji wa Dar es Salaam hatimaye alijibu. Hadithi ameipenda, ila anataka niondoe sura ya ndiva. Anasema msomaji wa leo hawezi kuvumilia sura nzima ya watu wanaogombea zamu ya maji ya bwawa la kumwagilia. Mahali pake niweke mapenzi ya mjini. Dada, unanijua. Mapenzi ya mjini nimeyaona kwenye televisheni ya kinyozi tu.

Njia nyingine ni Paschal, yule niliyesoma naye, mwenye mashine za kuchapa pale Moshi. Yeye anasema nichapishe mwenyewe, kwa jina langu na gharama yangu, bila kupunguza hata nukta. Tatizo ni kwamba gharama yangu ndiyo mabati anayoyasubiri Beatha. Nikawaza, je, kama yule mchapishaji yuko sahihi? Nitaezeka nyumba kwa vitabu? Na Wapare wenzetu si unawajua, ukoo mzima utaazimana nakala moja.

Juma lililopita ikapulizwa pembe ya kutuita kwenye kazi ya pamoja, msaragambo, tukapanda sote kuzoa matope ya ndiva kabla ya mvua za vuli. Tulipopumzika, Beatha akanitaka niwasomee watu sura hiyo, waamue wao kama inachosha. Nikasoma. Nilipofika pale Lukasi wa kwenye hadithi anapofungulia maji shambani kwake siku ya Jumanne, Mzee Eliezeri, msimamizi wetu wa zamu, akaweka koleo chini.

"Ishia hapo, Vitus. Jumanne ni ya ukoo wetu. Huyo Lukasi kaipata wapi?"

Nikamwambia ni hadithi ya kubuni, Lukasi mwenyewe hayupo.

"Buni watu. Maji usibuni."

Kikawa kikao. Clemence wa kule juu akadai Jumanne ilikuwa yao tangu enzi za mababu. Mwingine akaonya kwamba nisipofuta, kuna siku mtu atakipeleka kitabu barazani kama ushahidi. Nikajaribu kumhamishia Lukasi Jumapili, siku ambayo ndiva haifunguliwi. Mzee wa kanisa akaniuliza kama mimi bado ni Mkristo. Mwisho wakakubaliana Lukasi amwagilie "siku ya zamu yake" basi, nami niendelee kusoma. Matope yakasubiri. Walitaka kujua kama mahindi yake yalipona.

Tukiteremka, Beatha alicheka mpaka akashika mti.

"Uliogopa hawatakisoma," akasema. "Baba, hakijatoka na wameshakishitaki. Nenda kachapishe. Mabati yatangoja mavuno ya tangawizi, ila paa likivuja, upande wako wa kitanda ndio utakaolowa."

Basi dada, nimeamua. Yule wa Dar nimemwandikia kumshukuru, na Alhamisi nakwenda kwa Paschal. Sijui kama kitauzika nje ya Suji. Huenda maboksi yakakaa chini ya kitanda mpaka panya wawe wasomi. Lakini afadhali nizeeke na maboksi ya kitabu chetu kuliko kusifiwa kwa kitabu ambamo sisi wenyewe tumeondolewa.

Nakala ya kwanza ni ya mama, ya pili ni yako. Nakuomba kalamu nyekundu uiache shuleni.

Nisalimie shemeji Anderson, na Naomi na wadogo zake. Mama na Beatha wanawasalimu sana, na Mzee Eliezeri pia. Yeye kila tukikutana anauliza kitabu kinatoka lini, maana anataka kukagua zamu katika sura zilizobaki.

Bwana awafunike kwa amani yake, mchana na usiku.

Mdogo wako akupendaye daima,
Vitus