Kiti cha Mlangoni

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila mimi situlii. Tunataka mtoto. Nina miaka thelathini na sita, na vidonda vyangu vya utumbo, vinavyoniharisha damu, unavijua tangu nilipokuwa najifunza kushona. Mwaka huu vimetulia kwa vidonge, lakini kiwandani bado nashonea kwenye kiti cha mlangoni, karibu na choo, kwa tahadhari. Daktari atanipokea Aprili. Siwezi kungoja. Wewe umezalisha wanawake miaka thelathini: niendelee kumeza vidonge hivi?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Swali lako ni jepesi. Tulifundishwa, nami nikafundisha, kwamba mwanamke anayejiandaa kubeba mimba asitie mwilini dawa isiyo ya lazima. Umetulia, basi acha vidonge. Lala mapema, wala usizunguke nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Shangazi yako

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nimeandika mara mbili, hujajibu. Mumeo kaniambia kwa simu kwamba unapumzika. Wewe, tangu lini? Kimya hiki sikipendi.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, hospitalini. Niliacha vidonge siku ile ile barua yako ilipofika. Wiki ya tatu damu ikarudi. Nilikwenda chooni mara kumi na nne kwa siku, hadi msimamizi akaniuliza kama nimehamia huko. Daktari amesema vidonge vyangu havina madhara kwa mimba. Cha kuogopwa ni ugonjwa ukiwa umeamka. Sasa utumbo utulie miezi sita mfululizo, ndipo tujaribu. Miezi sita, Shangazi, kwa umri huu! Sikumwambia ni nani aliyenishauri.

Mwanao

13 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Mwambie ni mimi. Jana nilipanga foleni kliniki pamoja na wajawazito, nikamuuliza daktari ambaye viatu vyangu vya kazi vimemzidi umri. Alinieleza kwamba zipo dawa za kuachwa mapema na zipo zisizokatizwa, na kwamba wa kuamua ni daktari anayekutibu. Nilikujibu upesi kwa sababu sikuzoea kusema sijui. Nisamehe. Meza na vidonge vya foliki, vitamini ya wanaojiandaa kubeba mimba, ukiandikiwa. Kila mwisho wa mwezi niandikie neno moja tu.

Shangazi yako

31 Mei

Shikamoo, Shangazi. Hakujatulia.

Mwanao

30 Juni

Shikamoo. Kumetulia. Hata kuandika naogopa.

Mwanao

31 Desemba

Shikamoo. Bado kumetulia. Daktari ameturuhusu. Kiti cha mlangoni nimemwachia mwenzangu, nimehamia dirishani.

Mwanao

14 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Vidonge sijaruka hata kimoja. Leo nimeomba nirudishiwe kiti cha mlangoni. Usishtuke, hakuna damu. Ni mkojo tu, kila baada ya saa moja, na asubuhi harufu ya mafuta ya cherehani inanifukuza. Mume wangu sijamwambia. Kliniki ni tarehe 26. Je, ndiyo yenyewe? Na utumbo utaendelea kulala? Safari hii usinijibu upesi.

Mwanao

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku nne.

Sijui.

Nakuja kwa basi la tarehe 25. Nitakaa nawe kwenye foleni, na daktari akizungumza, nitanyamaza.

Shangazi yako