Tulijaribu kwa Taa

Jumanne. Mvua imekatika, ziwa limechafuka, nami nimejifungia chumbani huku watu wa kilio wamekaa uani chini ya shitingi, lile turubai la plastiki. Naandika sasa, kabla sijaanza kujidanganya.

Papa, baba yangu, alifanya kazi kwenye reli mpaka mapafu yakamchoka. Mwaka huu hakuweza kuishi bila mashine ya oksijeni tuliyoletewa kutoka Kigoma. Umeme wa mji ukikatika, tulitegemea konvertisa, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri za sola uwe umeme wa kuendesha vitu vya nyumbani. Wiki iliyopita kikaungua. Kisipopona, siku umeme ukikatika Papa atakosa hewa. Hilo kila mtu nyumbani alilijua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kasongo, rafiki yangu tangu utoto, ni fundi wa elektroniki sokoni. Kila mwaka wanafunzi huniuliza tofauti ya mambo haya mawili, na nina jibu ninalolipenda: fizikia inauliza umeme ni nini, elektroniki inauliza tuutume kazi gani. Moja ni mama, nyingine ni binti yake. Wanacheka, wanaandika, tunaendelea.

Jibu zuri. Halikumsaidia Papa.

Ubaoni transista, kile kipande kidogo kinachoongoza umeme, ni mistari michache ya chaki, na kila transista ni nzima. Elektroniki inaanzia pale unapokwenda kuinunua. Ile aliyoipata Kasongo kutengenezea konvertisa yetu ilikuwa na namba sahihi mgongoni, lakini ndani ilikuwa dhaifu, na huwezi kujua kwa macho. Unajua ukiibebesha mzigo.

Na kwetu hapa Kalemie mzigo ni taa. Fundi akimaliza, anaunganisha taa; ikiwaka, chombo kimepona, mwenyewe anabeba anakwenda. Jumamosi taa iliwaka vizuri kabisa.

“Mwalimu, inawaka. Kazi njo imeisha vile,” Kasongo aliniambia, nami nikampa mkono.

Mimi ndiye ninayefundisha kwamba mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mwingi kuliko ikishazoea. Ndani ya mashine ya Papa kuna mota. Nilijua. Kasongo naye anajua, mota ngapi zimepita mikononi mwake. Lakini yeye alidhani mwalimu ameshapiga hesabu, mimi nikadhani fundi ameshapima. Papa akabaki katikati yetu.

Tena tulizungumza habari ya kuijaribu konvertisa kwa mashine yenyewe. Ingebidi kumtoa Papa kidogo kwenye mpira wa kumletea hewa puani, kuzima, kuwasha upya. Alikuwa amesinzia, uso umetulia. Tukamwonea huruma.

Huruma hiyo siwezi kuisamehe.

Jumapili mchana umeme ukakatika. Nikahamishia plagi kwenye konvertisa. Mashine ikaguna mara moja, konvertisa ikatoa harufu ya kuungua, kisha vyote viwili kimya. Nikarudisha plagi ukutani, sijui kwa nini, mikono ilitaka tu kufanya kitu. Tukampakia Papa kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, kati yangu na dereva, nimemkumbatia kwa nyuma. Nilizihisi mbavu zake zikipanda na kushuka mikononi mwangu. Kabla ya daraja la Lukuga zikaacha.

Tuliporudi naye nyumbani, umeme ulikuwa umerudi. Mashine ilikuwa ikifanya kazi peke yake, mpira uko juu ya mto wa kulalia, unapuliza hewa ambayo hakuna wa kuivuta.

Niliinama kuizima. Mama akanishika mkono.

“Uiache,” akasema. “Ile sauti njo ilikuwa inamulalisha.”

Jana tumezika. Kasongo alikuja makaburini, akarudi nasi, akakaa mwisho wa uani karibu na choo. Hajala. Kuna wajomba wanaosubiri nimfukuze, naona wanavyoniangalia. Nimechoka na nina hasira, na ningependa sana kumpa yeye hasira yote. Lakini nikimfukuza, mimi nitabaki hapa kwa haki gani? Nikimaliza kuandika nitachukua sahani nitoke, nikakae naye tule pamoja, watazame wanavyotaka.

Kutoka chumba cha pili nasikia mashine bado inanguruma. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Tangu Jumapili ile umeme haujakatika hata mara moja.