Kidole Kimoja Kimoja

Nyarugusu, Kasulu
Jumapili

Kwa kaka yangu Mulenda,

Pokea salamu kutoka kambini. Afya yako vipi, na biashara ya dagaa hapo Kibondo? Nasikia umeoa. Hongera. Mimi mzima, unga wa mgao tunaubana, siku zinasogea.

Nimepata kazi. Shirika moja limeleta mwalimu anayetibu huzuni kwa kucheza ngoma. Usicheke, mimi nilicheka kwanza. Nilimwambia wenye njaa hawana haja ya kufundishwa kukata viuno. Akajibu kwamba yako mambo ambayo mdomo hauyawezi, mwili ndio unaoyakumbuka. Kwake mnasimama wawili wawili: mmoja anacheza linalomsumbua, mwenzake anamwiga bila kuuliza. Mimi ni msaidizi, kwa hiyo anayekosa mwenzake anasimama nami.

Alhamisi alikuja Reine, mke uliyemwacha. Tangu tuvuke ziwa hajasema neno, na wanawake wa bombani wanamwita yule aliyemziba mwanawe pumzi. Hakuna aliyetaka kusimama naye. Akaletwa kwangu.

Ngoma ilipolia alijikunja chini, vile tulivyojikunja kwenye shamba la mihogo siku wenye bunduki walipopita. Watu walidhani ataweka kiganja mdomoni mwa mtoto, kama wanavyomsema. Hakuweka. Alianza kubandua hewani vidole vya mtu, kimoja kimoja, na kila alichokibandua kilirudi. Mwalimu akanihimiza nimwige. Nikamwiga. Wageni wa shirika walipiga picha na makofi, na mwalimu akasema Reine ameanza kupona. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kaka, vidole vile ni vyangu. Mwanao Cadet alipolia, mimi ndiye niliyemziba mdomo na pua, na Reine akahangaika kunibandua mpaka mtoto akanyamaza kabisa. Ulipotufikia niliharakisha kukuambia ni yeye. Ulimuuliza mara moja, hakujibu, ukafunga mzigo wako. Hukuuliza mara ya pili, na mimi nilishukuru. Miaka minne nakula naye sahani moja, na hajawahi kuusukuma mkono wangu.

Alhamisi ijayo tunabadilishana. Mimi nitacheza langu, Reine aniige. Mwalimu anasema nisiogope.

Msalimie mkeo mpya. Ukija huku, usianzie kwangu. Nenda kwanza kwa Reine, ukapige magoti. Salamu zangu uzipokee ikiwa bado unazitaka.

Ni mimi mdogo wako,
Gentille