Hamu Asimame au Ainame

CHAMA CHA WACHONGAJI, BANDA LA BUNJU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Bandani, upande usiovuja

Waliohudhuria:
Mama Editha – Mwenyekiti
Cyprian – Katibu (pia mchongaji, ingawa wajumbe wana maoni yao kuhusu hilo)
Mzee Kasiani – mchongaji
Ferdinand – mchongaji
Bi Bernadeta – msimamizi wa msasa na kiwi
Bwana Sultan – mwenye duka la vifaa, mjumbe wa masoko

Mwalikwa: Bwana Kamugisha, mratibu wa mteja

Asiyehudhuria: Mwishehe, amekwenda msibani Kimbiji. Alituma salamu na kuomba asichaguliwe kwenye jambo lolote akiwa hayupo.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi, akasema ajenda ni moja tu: gogo la Nuhu. Aliwaomba wajumbe wazungumze mmoja mmoja. Ombi hilo liliheshimiwa hadi mwisho wa Kumb. Na. 2.

KUMB. NA. 2/6/2025: CHANZO CHA MGOGORO

Mwenyekiti alieleza kwamba mteja anajenga jumba la maonyesho ya habari za Biblia karibu na barabara ya Bagamoyo. Aliagiza gogo moja la mpingo lenye kuonyesha jinsi dunia ilivyoanza upya baada ya Gharika: Nuhu, wanawe watatu, na miji ya kwanza ya wanadamu. Likimpendeza, angeagiza mengine. Mteja huyu aliletwa na Bwana Sultan. Mchoro wa mteja ulimweka Nuhu juu, Shemu na Yafethi katikati, na Hamu chini kabisa.

Mzee Kasiani aliufuata mchoro. Ila katika banda hili, kama wazee wetu walivyotufundisha tangu Newala, wa chini kwenye gogo ndiye mkubwa. Ndiye mzizi, wengine wote wanapanda kwake. Mzee alipoona Hamu yuko chini, alielewa kwamba mteja anampa heshima ya babu. Akamchonga amesimama, kifua mbele, na kuta za miji zikichipua mabegani mwake. Hakuna mjumbe aliyeona kasoro. Katibu alilipita gogo hilo kila siku, na alichowahi kusema ni kwamba pua imekaa vizuri.

Bwana Kamugisha alisema mteja alipoliona alishika kichwa. Hamu aliwekwa chini kwa sababu ndiye mtumwa. Alitakiwa ainame, na mzigo mgongoni. Kisha Bwana Kamugisha akasoma kijitabu cha mteja, kinachosema kwamba baada ya Gharika Shemu alipewa dini, Yafethi akapewa elimu, na Hamu, baba wa watu weusi, akapewa kubeba.

Kisha Bi Bernadeta aliuliza, "Samahani mwanangu, wewe ni wa nani katika hao watatu?"

Bwana Kamugisha alijibu, "Mie ni mratibu tu, mama."

KUMB. NA. 3/6/2025: OMBI LA MTEJA

Bwana Kamugisha aliwasilisha ombi: Hamu ainamishwe. Kwa kuwa Mzee Kasiani alishakataa kwa simu, kwa maneno ambayo Mwenyekiti ameagiza yasiandikwe, mteja anataka mzee aondolewe kwenye kazi na patasi apewe Ferdinand.

Mzee Kasiani alisema mpingo haukunjiki. Ili Hamu ainame, lazima akatwe kifua chote, na uso uchongwe upya kwenye tumbo. "Sasa huyo si Hamu aliyeinama. Ni Hamu aliyeuawa." Aliongeza kwamba kamati ikiamua kumpokonya gogo lake, hatarudi tena kwenye banda hili, hata kuchukua viatu.

Ferdinand alisema yeye hana ugomvi na mzee, na shikamoo yake humpa kila asubuhi. Lakini bati linavuja, wanafunzi wanaondoka kwenda kuendesha bodaboda, na mteja wa namna hii haji mara mbili. "Tumbo halisomi kitabu cha Mwanzo," alisema. "Anataka ainame? Tumwinamishe, tupige kiwi, tuendelee. Ni kijiti jamani!"

Mzee Kasiani alimwambia kwamba kama ni kijiti, basi wote wawili wamepoteza maisha yao.

KUMB. NA. 4/6/2025: NANI ALIIJENGA MIJI

Bi Bernadeta alifungua Biblia yake, ambayo alikuja nayo akijua itahitajika. Alieleza kwamba Nuhu alipolewa na kuamka, aliyelaaniwa ni Kanaani, mjukuu wake. Hamu hakulaaniwa. Akafunua sura inayofuata na kuonyesha kwamba Hamu ndiye aliyemzaa Misri na Kushi, na Kushi akamzaa Nimrodi, ambaye ufalme wake ulianzia Babeli, Ereku na Akadi. "Kwa hiyo hiyo miji anayoitaka mteja kwenye gogo lake, kwa Biblia yake mwenyewe, ni ya wajukuu wa huyu anayetaka abebe mzigo. Abebe nini, matofali ya nyumba yake?"

Ferdinand aliuliza kama kuna ushahidi nje ya Biblia au tunasomeana tu.

Bwana Sultan alisema binti yake Nawal, anayefundisha historia Kipawa, aliwahi kumweleza kwamba watu wa kale wa Iraki nao walikuwa na gharika yao, wakaiandika kwenye vibao vya udongo, wakasema baada ya maji ufalme ulishuka tena kutoka mbinguni na miji ikahesabiwa upya. Nawal husema kwamba huko mito ilifurika kweli, na watu waliojifunza kuyaongoza maji ndio waliojenga miji. Kama ni gharika moja au nyingi, wasomi bado wanavutana. Ila kwenye vibao hivyo hajaona mahali palipoandikwa nani mtumwa kwa rangi yake.

Aliendelea kwamba hata kwao Waislamu hakuna mtoto wa Nuhu aliyegeuzwa hamali. "Yupo aliyekataa kupanda safina, akazama. Kesi ikaisha palepale."

Ferdinand alimwambia Bwana Sultan kwamba kwake ni rahisi, maana Waarabu ni wa Shemu, wako katikati ya gogo wamekaa na dini yao. Bwana Sultan alisimama. Alisema bibi yake mzaa baba alitoka Lindi na alikuwa mweusi kuliko gogo hili, na mtu akimwinamisha Hamu anamwinamisha bibi yake. Alisema yeye ndiye aliyemleta mteja huyu na yeye ndiye atakayemrudisha alikomtoa. Makofi yalipigwa. Katibu pia alipiga, akaangusha kalamu, na baadhi ya maneno yaliyofuata yamepotea.

KUMB. NA. 5/6/2025: KURA

Katibu alipendekeza njia ya kati: Hamu ainame kidogo. Pendekezo halikupata wa kuliunga mkono, na Mzee Kasiani alimtazama Katibu kwa muda mrefu.

Kura zilipigwa kwa mikono, Mwenyekiti akizihesabu bila kupiga yake. Waliotaka gogo libaki kama lilivyo na Mzee Kasiani aendelee nalo walikuwa wanne, Katibu akiwemo, mkono wake ukiwa umechelewa. Aliyepinga ni Ferdinand peke yake. Alisema amekubali uamuzi ila iandikwe kwamba mvua ikinyesha yeye hatazoa maji. Imeandikwa.

KUMB. NA. 6/6/2025: BARUA KWA MTEJA

Bwana Kamugisha alisema hawezi kurudi mikono mitupu, aandikiwe jibu. Katibu alipewa kazi hiyo palepale. Rasimu ya kwanza ilianza na "Tunasikitika kukutaarifu." Mwenyekiti aliuliza nani anasikitika. Rasimu ya pili ilianza na "Kwa heshima na taadhima." Bi Bernadeta aliikata kwa kalamu yake mwenyewe. Katika rasimu ya tatu Katibu aliomba radhi kwa usumbufu, na Mzee Kasiani akaomba Katibu abadilishwe.

Hatimaye Mwenyekiti alitamka mwenyewe na Katibu akaandika: "Hamu hatainama. Mchoro wako tunakurudishia. Gogo linabaki kwetu."

Bwana Kamugisha aliisoma barua, akasema bosi atakasirika sana.

Mwenyekiti alijibu, "Akasirike akiwa amesimama. Hatujamwambia ainame."

Bwana Kamugisha aliiweka barua mfukoni. Kabla ya kuondoka alikwenda mbele ya gogo, akasimama hapo kitambo, kisha akamwamkia Mzee Kasiani shikamoo, jambo ambalo hakulifanya alipoingia. Mzee aliitikia marahaba na kumwonyesha mlango.

KUMB. NA. 7/6/2025: KUFUNGA KIKAO

Saa saba kasoro Mwenyekiti alimwomba Bwana Sultan afunge kwa dua. Dua haikusikika. Mzee Kasiani alikuwa ameshashika patasi na kuanza kugonga malango ya Ereku kwenye bega la Hamu. Mwenyekiti alisema inatosha, Mungu amesikia hiyo ya patasi.

Editha, MWENYEKITI ........................

Cyprian, KATIBU ........................