Mapigo Niliyodhani ni Yake

Jumanne, 5 Machi

Aibu! Natamani ardhi ipasuke niingie.

Tangu asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, nashona yale mapazia mazito ya ukumbi, na mtoto tumboni kimya. Nikasimama. Kimya. Nikanywa maji ya baridi. Kimya. Basi nikapiga yowe. Mume wangu akatoka gereji na ovaroli lake la grisi, bosi anafoka nyuma yake. Mama mkwe akaja mbio, mguu mmoja ndala, mwingine kiatu. Wifi yangu akasimama katikati ya barabara akazuia gari la watu, akalia mpaka dereva akakubali kutupeleka.

Kliniki wakanilaza, wakanifunga mikanda miwili tumboni. Mmoja unasikiliza moyo wa mtoto, mwingine unajua tumbo likikaza. Nikapewa na kitufe, nibonyeze kila akicheza. Mashine ikaanza — tki-tki-tki-tki, mbio kama farasi. Na hapo hapo mtoto akapiga teke, mkanda ukaruka. Wote wameona! Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Sasa naitwa Mama King'ora.

Mkunga peke yake hakucheka. Akanionyesha karatasi inayotoka kwenye mashine, mstari umepinda-pinda kama mshono wa mwanafunzi. Akasema hivyo ndivyo unavyotakiwa. Moyo wa mtoto mzima hautulii, unapanda na kushuka, na akicheza unaruka juu. Akasema pia mambo ya usingizi, kwamba tumboni huko analala na kuamka. Mimi kazi yangu kutikisa kichwa. Ndiyo sista, ndiyo sista. Nilikuwa nawaza uso wa bosi wa gereji.

Akanishika mkono kabla sijatoka. "Akipunguza kucheza, uje. Hata kama ni kesho. Hata mara kumi."

Nikasema nimesikia.

Alhamisi, 7 Machi

Habari imefika mtaa mzima. Muuza mkaa kaniuliza king'ora kimelala leo? Nikacheka pamoja naye. Ningefanya nini.

Mume wangu kapewa onyo kazini. Hajanilaumu. Amesema tu, taratibu, "Mke wangu, siku nyingine tusubiri kidogo kwanza." Bora angenigombeza.

Mtoto ana vurugu leo! Nimeweka kimto cha sindano juu ya tumbo, kakitupa chini. Nimekiweka tena. Kakitupa tena. Tumecheza hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi alicheza vizuri. Baadaye akacheza kidogo tu, kama mtu anayejigeuza shukani. Nadhani amechoka. Mimi pia nimechoka. Tumbo halitaki tena kuingia kati yangu na cherehani, nashona kwa ubavu.

Jumapili, 10 Machi

Wifi kaja na kidude kaazima kwa rafiki yake. Kidogo, kinakaa kiganjani, kina waya na spika yake. Unapaka mafuta tumboni, unakizungusha, unasikia moyo wa mtoto nyumbani kwako. "Ili tusizuie tena magari ya watu," akasema. Kwa upendo, najua. Lakini masikio yalinichoma.

Tukakaa sebuleni wote. Mimi kwenye kochi, tumbo wazi mbele ya mama mkwe, aibu nyingine hiyo. Wifi akazungusha, akazungusha. Kelele za redio mbovu. Kisha — du, du, du, du. Wazi kabisa! Mama mkwe akapiga vigelegele. Mume wangu akarekodi kwenye simu, akasikiliza mara nne, machozi yamemjaa, anajifanya ni mafua.

Nikajitapa. "Mnaona? Mzima wa afya. Analala tu."

Hakucheza leo. Labda mara moja, wakati wa kuoga, au lilikuwa tumbo lenyewe. Sikumwambia mtu.

Halafu kuna kitu kidogo kinanisumbua. Kule kliniki moyo ulikimbia. Huu wa leo unatembea. Lakini si amelala? Aliyelala moyo wake si unapoa? Kama ningemsikiliza yule mkunga badala ya kutikisa kichwa, ningejua.

Jumatatu, 11 Machi

Kidude tena, peke yangu chumbani. Du, du, du. Upo. Kwa nini basi siridhiki.

Mume wangu kapiga simu kutoka kazini. Anacheza?

Anacheza, nikasema.

Limetoka lenyewe mdomoni. Bosi kaanza tena kumsalimia, ningemwambia nini.

Jumanne, 12 Machi — asubuhi

Mama mkwe kaweka kiganja tumboni kwangu wakati wa chai. Akakaa nacho muda. "Mbona mjukuu wangu kanyamaza?" Nikamwambia kalala, mama. Akaniangalia.

Nikaaga naenda kununua uzi. Uzi! Mwanamke mzima nadanganya kwenda kliniki kama mtoto anayetoroka shule. Nikabeba na kidude kwenye mkoba, nimwonyeshe mkunga, nisionekane nimekuja na yowe tupu.

Nimemkuta mkunga yule yule. Akaniambia haya, nimsikilizishe. Nikapaka mafuta, nikakipata mahali pangu palepale. Du, du, du. Nikamtazama kama mwanafunzi anayesubiri alama. Yeye akashika kifundo cha mkono wangu, vidole vyake kwenye mshipa, akawa anatikisa kichwa polepole. Kila du ya spika, kichwa chake kinashuka. Pamoja. Pamoja. Pamoja.

"Huyu ni wewe, dada," akasema. "Huu ni mshipa wako. Unajisikiliza mwenyewe."

Vigelegele vile. Machozi ya mume wangu. Moyo wangu mimi!

Nikaona giza. Akanishika bega, akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akafunga mikanda. Alitafuta. Alihamisha, akatafuta tena. Sijui nilimwahidi Mungu mambo gani. Kisha, farasi. Tki-tki-tki-tki. Yuko hai. Nililia mpaka kitanda kikatikisika, akaniambia tulia, naharibu kipimo.

Karatasi ikaanza kutoka. Sasa nilisikiliza kila neno, ndio kwanza. Akasema mbio zake ni nzuri, lakini tazama mstari. Nikatazama. Umenyooka. Haupandi, hauruki. Mshono safi kuliko wowote niliowahi kushona maishani, na sikuhitaji kuambiwa tena maana yake. Akasema inawezekana amelala, wakilala mstari hutulia hivi. Inawezekana pia amechoka, hapati hewa ya kutosha kutoka kwenye kondo la nyuma. Kuyatofautisha kunataka muda, na kunataka nimsaidie.

"Mara ya mwisho kucheza vizuri, ilikuwa lini?"

Nikasema jana jioni.

Jumanne hiyo hiyo — mchana

Bado nimelala kwa ubavu. Naandikia juu ya mkoba, herufi zinakwenda kombo.

Daktari kaja. Kijana mpole, ana uchovu machoni. Kaikunja karatasi, kaikunjua. Akasema kama jana jioni alicheza vizuri, tusikimbilie kisu, tumpe nafasi aamke. Nimeletewa maji matamu. Watarudia kipimo, ndipo waamue. Mkunga akarudia kuniuliza, jana jioni kweli? Nikasema kweli.

Kwa nini! Mara ya kwanza naweza kusema ulimi uliteleza. Hii ya pili je? Niliogopa uso wake. Aliniambia hata mara kumi, na mimi nimekaa tu tangu Jumamosi, nikategemea kidude cha kuazima.

Wamemwita mume wangu. Kaja na ovaroli lake. Bosi kasema nini sijauliza. Kakaa kwenye kiti cha plastiki, kanishika mguu, na kumwambia mkunga usiwe na wasiwasi, sista, tumemsikia Jumapili, tena nimerekodi. Akatoa simu. Du, du, du chumba kizima. Mkunga akanitazama mimi. Kaniachia mimi nimwambie, na mimi nikatazama ukutani.

Mama mkwe yuko njiani. Wifi pia. Wakifika watanikuta hivi, na nitalazimika kusema mbele ya wote, au nisiseme.

Mstari bado umenyooka. Nimebonyeza kitufe mara moja, nikijidai nimemsikia. Haikuwa yeye. Nimekichomoa mkononi nikakiweka mbali, nisije nikaidanganya na mashine.

Mume wangu ananiuliza naandika nini.

Mkunga kasimama mlangoni, anaongea na daktari. Daktari anavaa koti, anakwenda wodi nyingine. Akitoka hapa anatoka na jana jioni yangu kichwani.

Nimeita. Sauti haikutoka. Nimeita tena, kwa nguvu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili kageuka. Wote wawili wamegeuka. Mume wangu kasimama, anasema nini, nini tena, mke wangu, taratibu.

Si jana, sista. Ni Jumamosi. Tangu Jumamosi asubuhi hajacheza vizuri.

Nimelisema. Daktari anarudi, anavua koti akitembea. Mume wangu hajaketi. Kashika simu yake, ananitazama, na mkunga anamwomba apishe kitanda kipite kwenda chumba cha upasuaji.